Mhusika mwenye nguvu mezani: fani kamili, kadi ya jedwali, gwiji au mtu wa cheo?

Katika mchezo wa kuigiza wahusika mezani kwa dadu, wachezaji wanne wa ngazi ya 8 wanamfuata Liwali wa kisiwa, mchawi ambaye jina lake limekuwa likitajwa tangu kikao cha kwanza. Kikao kijacho watafika kwenye ngome yake, na mwendeshaji wa mchezo, anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui, anakaa kumwandaa. Swali ambalo wengi huanza nalo ni hili: nimpe ngazi gani? Swali hilo ndilo linalozaa wahusika wanaotisha kwenye karatasi na kuanguka mezani ndani ya dakika kumi. Lenye faida ni jingine: wachezaji watakutana naye vipi? Watapigana naye mizunguko mitatu yakaisha, watasafiri naye miezi, au watakwenda kumwomba kibali cha kutia nanga?

Hapa tunamjenga Liwali huyo huyo kwa njia nne na kuziweka bega kwa bega. Kanuni ni za Dungeons & Dragons toleo la tano, zile za 2014, kwa sababu ndizo zenye jedwali la kutengeneza maadui tunalolihitaji, linaloonyesha kinga, uhai na madhara ya kila kiwango cha ugumu. Mwongozo wa mwendeshaji wa 2024 haukulichapisha tena jedwali hilo, hivyo hata wanaocheza kwa vitabu vipya bado hulirudia la zamani.

Lipime kundi kwanza

Kila mchezaji wa ngazi ya 8 ana vizingiti vinne vya pointi za uzoefu: 450 kwa pambano jepesi, 900 la wastani, 1,400 gumu na 2,100 la kuua. Kwa watu wanne inakuwa 1,800, 3,600, 5,600 na 8,400. Kila adui naye ana namba ya ugumu, kipimo cha nguvu zake: adui mmoja wa ugumu wa 8 ana pointi 3,900, wa 10 ana 5,900, na wa 12 ana 8,400. Maana yake Liwali akiwa peke yake, ugumu wa 10 ni pambano gumu, na wa 12 unakaa sawasawa kwenye kizingiti cha kuua.

Kipimo cha pili unakifanya mwenyewe, nacho kina manufaa zaidi ya cha kwanza: kundi hili linaondoa uhai kiasi gani kwa mzunguko mmoja? Chukua mpiganaji wa ngazi ya 8 mwenye Nguvu 20 na upanga wa mikono miwili. Anapiga mara mbili, na kila pigo linalopata ni dadu mbili za pande sita kuongeza 5, yaani wastani wa 12. Nyongeza yake ya kupiga ni +8, hivyo dhidi ya kinga ya 17, yaani namba ambayo dadu ya pande ishirini pamoja na nyongeza lazima ifikie, hupata asilimia 60 ya mapigo. Jumla ni kama pointi 14 kwa zamu. Wenzake wengi wataangukia karibu na hapo. Dhidi ya kinga ya 15 hesabu hupanda kidogo. Kwa kundi zima shika namba 60, maana tutaitumia hadi mwisho. Kama meza yako ina mtu anayepiga zaidi ya hapo, fungua daftari la vikao viwili vilivyopita uone alifikisha wastani gani, kisha utumie namba yako.

Njia ya kwanza: fani kamili, kama mchezaji

Unamjenga Liwali kwa kanuni zile zile za wachezaji: fani yake mchawi, ngazi ya 12, Akili 20, Ustahimilivu 14. Uhai wake ni 8 katika ngazi ya kwanza, kisha 6 kwa kila ngazi kumi na moja zinazofuata: jumla 74. Kinga yake ni 15 akiwa amejivika uchawi wa kujikinga na ana Wepesi 14. Namba ya kujinusuru dhidi ya uchawi wake, ambayo anayelengwa lazima aifikishe kwa dadu ili aponee, ni 17. Ana nafasi 16 za uchawi, yaani anaweza kupiga uchawi mara 16 kabla ya kupumzika, na machaguo 17 aliyoyaandaa, bila kuhesabu yale madogo ya kila zamu.

Sasa mtie kwenye jedwali. Kwa ulinzi, uhai wa 74 umo katika mstari wa ugumu wa 1, na kinga iliyozidi ile ya mstari huo kwa 2 inampandisha hadi 2. Kwa mashambulizi, jedwali linataka wastani wa mizunguko mitatu, na uchawi wa eneo unahesabiwa kana kwamba umewapata watu wawili. Radi inayoruka kutoka mtu hadi mtu, ya daraja la 6 (daraja ni kiwango cha nguvu cha uchawi wenyewe), ni wastani wa 45, basi 90. Koni ya baridi ya daraja la 5 ni 36, basi 72, na ana nafasi ya kuipiga mara mbili. Jumla 234, gawa kwa tatu: 78 kwa mzunguko. Huo ni mstari wa ugumu wa 12. Wastani wa 2 na 12 ni 7.

Hapo ndipo waliokulia kwenye toleo la 3.5 la 2003 hujikwaa. Kule, mhusika wa mwendeshaji mwenye ngazi 12 za fani ya wachezaji alihesabiwa kuwa ugumu wa 12. Kwa toleo la tano, ngazi na ugumu ni vitu viwili mbali mbali, na mchawi wa ngazi ya 12 ni adui wa ugumu wa 7.

Ugumu huo wa 7 nao unadanganya, kwa kuwa ni wastani wa kichwa cha moto na miguu ya barafu. Liwali akitangulia kwenye hesabu ya zamu, dadu inayoamua nani aanze, radi yake inaweza kuwapata wote wanne kwa 45 kila mmoja. Mchawi wa kundi mwenye ngazi ya 8 na Ustahimilivu 14 ana uhai wa 50. Anabaki na 5. Zamu inayofuata koni inamlaza chini, na labda na mwenzake mmoja. Kundi likitangulia, Liwali mwenye uhai wa 74 hufika zamu yake ya pili kwa bahati tu. Pambano zima linaamuliwa na dadu moja ya kuanza, na wachezaji hawatajua kama walicheza vizuri au vibaya.

Kingine ni upotevu. Katika mizunguko miwili au mitatu atatumia nafasi tatu au nne kati ya zile 16. Machaguo 17 uliyoyasoma kwa zaidi ya saa nzima yatabaki kwenye karatasi, na katikati ya zamu utakuwa unayapekua wakati wachezaji wanasubiri. Halafu kila uchawi anaoupiga unaweza kuzimwa. Uchawi wa kuzima ni wa daraja la 3, unatumika kama jibu la papo ndani ya futi 60, na mchezaji mwenye Akili 20 anaizima radi ya daraja la 6 kwa kufikisha 16 kwenye dadu kuongeza 5, yaani nafasi ya asilimia 50. Zamu nzima ya adui wako mkuu inayeyuka kwa jibu moja.

Pamoja na hayo, njia hii ina mahali pake, napo ni muhimu: mwenzi wa safari. Kama Liwali ameacha kiti chake na anasafiri na kundi, fani kamili inampa kupanda ngazi pamoja nao, kuchoka kama wao na kupumzika kama wao, na wachezaji wanaona haki inatendeka. Hata hapo, ngazi yake iwe sawa na yao au moja chini. Ukiona fani kamili ni nzito kwa mwenzi wa pembeni, kanuni za wasaidizi zilizotoka 2020 zina fani tatu nyepesi, mtaalamu, mpiga uchawi na askari, na zinaweza kuendeshwa na mchezaji mmojawapo kwa karatasi ya nusu ukurasa.

Njia ya pili: kadi ya jedwali

Hapa unaanza na matokeo unayoyataka, kisha unayavisha sura. Mstari wa ugumu wa 10 unasema: kinga 17, uhai 206 hadi 220, nyongeza ya kupiga +7, madhara 63 hadi 68 kwa mzunguko, namba ya kujinusuru 16, nyongeza ya umahiri +4. Nakili namba hizo kama zilivyo. Zisipolingana na Akili ya Liwali usihangaike. Wachezaji wanaona dadu na madhara, hawaoni hesabu iliyozaa +7.

Kazi iliyobaki ni kugawa madhara, na hapa kuna ufundi. Kwa 65 kwa mzunguko, mpe miale mitatu ya moto, kila mmoja dadu tatu za pande kumi kuongeza 5, wastani wa 21. Mitatu ni 63. Usimpe pigo moja la 65: dhidi ya mchawi mwenye uhai wa 50, pigo moja linamwangusha au halimgusi kabisa, na hakuna katikati. Mapigo matatu yanaleta katikati hiyo, na yanakupa nafasi ya kuyatawanya. Mpe pia wimbi la maji ya bahari, koni ya futi 30, dadu tisa za pande sita, wastani wa 31, nusu kwa anayejinusuru. Kwa kuwa jedwali linahesabu watu wawili, 31 inakuwa 62 na bajeti haijavunjwa. Wimbi hilo lirudi kwake kwa dadu ya pande sita ikitoa 5 au 6 mwanzoni mwa zamu yake.

Kisha vitu vitatu vinavyomfanya awe mtu na si gunia la uhai. Mwendo: kama tendo la ziada ahame kutoka kivuli hadi kivuli, futi 30. Jibu la papo: akipigwa na aliye karibu, amsukume futi 15. Kujinusuru: Hekima +7 na Ustahimilivu +7, kwa sababu uchawi mwingi wa kumaliza pambano unapita kwenye milango hiyo miwili. Kadi nzima inakaa kwenye robo ya karatasi, na ukishazoea unaiandika kwa dakika 15 au 20.

Miale iite nguvu ya asili, isiwe uchawi uliopigwa, ili isizimwe moja baada ya nyingine. Lakini acha angalau kitu kimoja, wimbi kwa mfano, kiwe uchawi halisi. Mchezaji aliyetumia nafasi ya daraja la 3 kujiandaa kuzima uchawi anastahili kukuta kitu cha kuzima.

Kasoro ya njia hii imo kwenye jedwali lenyewe. Linapenda uhai mwingi kuliko kadi za maadui zilizochapishwa na kampuni ile ile iliyolitoa. Mchawi mkuu wa kitabu cha maadui cha 2014, ugumu wa 12, ana uhai wa 99. Jedwali lingempa 236 hadi 250. Muuaji wa siri, ugumu wa 8, ana 78 wakati jedwali linasema 176 hadi 190. Uhai wa 210 kwa kundi la 60 kwa mzunguko ni mizunguko mitatu na nusu, na hiyo inavumilika. Ukienda juu ya ugumu wa 13 kwa jedwali tupu, mzunguko wa tano na wa sita hauna jipya tena: watu wanatupa dadu kumalizia. Punguza uhai kwa robo na badala yake mpe jambo linalobadilika akifika nusu. Taa zinazimika, mlango wa bahari unafunguka, au anapanda juu ya ukuta.

Kuna njia ya mkato ndani ya njia hii: kuazima kadi iliyopo na kuibadilisha sura. Kadi ya mchawi mkuu niliyoitaja imo katika hati ya kanuni za 5.1, ambayo tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons na inapatikana bure mtandaoni. Inakujia na namba ya kujinusuru 17, uchawi hadi daraja la 9, na kipaji cha kutupa dadu mara mbili na kuchukua kubwa kila anapojinusuru dhidi ya uchawi. Soma hati hiyo kwa makini, kwa sababu kinga yake ni 12 tu. Inakuwa 15 kama amejivika uchawi wa kujikinga, na kadi inasema wazi kwamba hujivika kabla ya pambano, pamoja na uchawi wa ngozi ya jiwe. Waendeshaji wengi hupitisha macho hapo, na adui wa kizingiti cha kuua anakufa mzunguko wa pili.

Njia ya tatu: gwiji

Gwiji ni kadi ya jedwali iliyopewa vitu viwili ambavyo adui wa kawaida hana, au vitatu akiwa nyumbani kwake. Cha kwanza ni ukinzani wa gwiji: mara tatu kwa siku, akishindwa kujinusuru, anachagua kufaulu. Cha pili ni matendo ya gwiji: matatu kwa kila mzunguko, moja kwa wakati, mwishoni mwa zamu ya mtu mwingine, na yanarudi zamu yake inapoanza. Cha tatu ni matendo ya makazi, yanayotokea kwenye namba 20 ya hesabu ya zamu, baada ya yeyote aliyepata 20 vile vile.

Sababu ya kuvihitaji ni idadi ya zamu. Mmoja dhidi ya wanne anatenda mara moja wakati wao wanatenda mara nne. Uchawi wa kumgandisha binadamu ni wa daraja la 2 tu. Liwali wa kadi ya jedwali mwenye Hekima +7 dhidi ya namba 16 anahitaji 9 kwenye dadu. Atashindwa mara mbili kati ya kila tano. Akiganda, kila anayempiga hutupa dadu mbili na kuchukua kubwa, na kila pigo la karibu linalopata linakuwa pigo la dadu maradufu. Hapo pambano limekwisha. Mtawa wa ngazi ya 5 na kuendelea anafanya jambo la jamii hiyo kwa ngumi, tena mara kadhaa kwa zamu moja. Ukinzani upo kuzuia hilo.

Nguvu hizi zina bei, na kosa kubwa la wanaoanza ni kuzibandika juu ya kadi iliyokwisha kamilika bila kulipa. Kwa ugumu wa 5 hadi 10, kila ukinzani mmoja unahesabiwa kama uhai wa 20. Kuanzia 11 ni 30. Tatu kwa Liwali ni 60. Ili abaki ugumu wa 10, uhai wake halisi ushuke hadi 150. Madhara nayo yanatoka katika bajeti ile ile ya 65. Zamu yake mwenyewe apige miale miwili, kila mmoja dadu mbili za pande kumi kuongeza 5, jumla 32. Tendo la gwiji liwe mwale mmoja wa dadu mbili za pande kumi, wastani wa 11; mara tatu ni 33. Jumla 65. Tena, usimpe mwale tu. Mpe tendo la mwendo, aondoke nusu ya kasi yake bila kuvuta mapigo ya walio karibu naye, na tendo lenye gharama ya mawili: amtazame mtu mmoja ndani ya futi 60, naye asiponusurika aogope hadi mwisho wa zamu yake inayofuata. Bila tendo la mwendo atabanwa ukutani na wapiganaji wawili na kubaki pale pale hadi afe.

Idadi ya wachezaji inabadilisha njia hii kuliko zote. Tendo moja tu kwa mwisho wa zamu moja: mezani pa wachezaji wawili, tendo la tatu halina mahali pa kukaa, isipokuwa Liwali ana mlinzi, kwa sababu zamu ya mlinzi nayo inahesabiwa. Na kama kundi lina mpiga uchawi mmoja tu, ukinzani wa tatu hautafikiwa kabla pambano halijaisha. Mchezaji huyo atakuwa amekaa jioni nzima akiona nguvu zake zikimezwa. Kwa ngazi ya 8 ana nafasi mbili tu za daraja la 4! Mpe Liwali ukinzani mmoja au miwili, rudisha uhai wa 20 kwa kila uliouondoa, na hesabu inabaki sawa.

Hasira ya wachezaji juu ya ukinzani ni ya haki, na ina tiba. Ufanye uonekane na ugharimu. Liwali ana pete tatu; kila anapochagua kufaulu, moja inapasuka na vipande vinamkata mkono. Sasa mchezaji anajua kwamba uchawi wake haukupotea bure, anahesabu pete zilizobaki, na meza nzima inapanga namna ya kuzimaliza. Namba haijabadilika hata moja.

Anayeona matendo matatu kila mzunguko ni mengi kuyashika anaweza kuchukua mtindo uliochapishwa na kampuni ya MCDM mwaka 2023: nguvu tatu za mara moja tu kwa pambano zima, moja kwa mzunguko, zikitumiwa baada ya zamu ya adui wa mhusika. Ya kwanza inafungua pambano, ya pili inavuruga safu, ya tatu ni ya kumalizia. Kwa mwendeshaji mgeni mtindo huu ni rahisi kuliko matendo ya gwiji, na mizunguko haifanani.

Lichi, mchawi mfu anayeendelea kuishi, wa kitabu cha maadui cha 2014 ni ushahidi mzuri wa jinsi uzito unavyoweza kukaa nje ya uhai. Ugumu wake ni 21, uhai wake ni 135 tu, na jedwali lingedai zaidi ya 400. Anasimama kwa ukinzani wake, matendo yake na uchawi wake.

Kwa jicho moja, Liwali wetu anatoka hivi:

| | Fani, ngazi ya 12 | Kadi ya jedwali | Gwiji |
|---|---|---|---|
| Ugumu | 7 | 10 | 10 |
| Kinga | 15 | 17 | 17 |
| Uhai | 74 | 210 | 150 na ukinzani 3 |
| Madhara kwa mzunguko | 78 | 65 | 65 |
| Matendo kwa mzunguko | 1 | 1 | 1 na 3 ya gwiji |
| Husimama dhidi ya 60 | 1 hadi 2 | 3 hadi 4 | karibu 3 |
| Kuandaa | saa moja na zaidi | dakika 15 hadi 20 | dakika 30 hadi 40 |

Mizunguko mitatu ya gwiji inatokana na 150 kugawa kwa 60, ukiongeza zamu tatu ambazo wachezaji wametumia kumvunjia ukinzani badala ya uhai.

Njia ya nne: nguvu ya cheo

Liwali anaweza asiwe na kadi ya vita hata kidogo. Mpe takwimu za mwungwana wa kawaida: kinga 15, uhai 9, ugumu wa moja ya nane. Mpiganaji wa ngazi ya 8 anamuua kwa pigo moja. Bado ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote kisiwani, kwa sababu yeye ndiye anayefungua bandari, anayejua nani anadaiwa na nani, na anayeamuru askari.

Karatasi yake ni ya aina nyingine. Anataka nini sasa hivi, kwa sentensi moja. Anaweza kufanya nini kabla jua halijazama: kufunga bandari, kukamata jahazi, kutuma askari kumi. Anaweza kufanya nini ndani ya wiki: kunyang'anya nyumba, kununua shahidi. Hawezi kufanya nini: labda hana amri juu ya kadhi, au meli za kigeni. Na mstari ambao wengi husahau: akifa, nani anakalia kiti, na huyo anawatakia nini wachezaji? Bila mstari huo, wachezaji wakimchoma kisu mezani pa chakula, mwendeshaji anabaki na walinzi wa ghafla waliotokea kusikojulikana. Ukiwa nao, kifo chake kinafungua mlango mwingine wa hadithi.

Mwenye nguvu aliye upande wa kundi ana tatizo lake, nalo ni gumu kuliko la adui: kwa nini asifanye kazi mwenyewe? Jibu la "ana shughuli nyingi" halidumu vikao viwili. Mfunge kwa kitu kinachoonekana. Akitoka kisiwani kinga ya kisiwa inaanguka. Ana kiapo na mfalme wa upande wa pili. Kila msaada wake una bei iliyotajwa wazi, na amekwisha kuidai mara moja. Na katika mazungumzo, wahusika wako wawili wasijibizane zaidi ya sentensi mbili. Baada ya hapo mmoja amgeukie mchezaji na kumuuliza jambo.

Kumchagulia wako

Adui atakayepigwa mara moja, tena amezungukwa na watu wake: kadi ya jedwali, na ugumu uushushe. Hapa hesabu inauma kuliko inavyoonekana. Liwali wa ugumu wa 8 na walinzi wawili wa ugumu wa 3, wenye pointi 700 kila mmoja, ni 5,300. Maadui watatu hadi sita huzidishwa kwa mbili, hivyo 10,600, juu ya kizingiti cha kuua. Mshushe Liwali hadi ugumu wa 6, pointi 2,300, na jumla iliyozidishwa inakuwa 7,400: gumu sana, lakini linapiganika. Mara nyingi mchanganyiko huu unachezeka vizuri kuliko gwiji peke yake, kwa kuwa wapiganaji wana wa kuwazuia na wachawi wana wa kuwachoma. Gwiji muweke kwa mwisho wa kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya hadithi moja, au kwa adui ambaye hadithi inamtaka awe peke yake. Ukiwa na magwiji watatu katika kampeni moja, wa tatu hashtui mtu.

Wanaocheza Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili la 2019, wana kazi nyepesi zaidi upande huu. Maadui wote hujengwa kwa jedwali la ngazi, na ngazi inaaminika: adui mmoja aliyezidi kundi la wanne kwa ngazi 2 ni wa wastani, kwa 3 ni mkali, kwa 4 ni wa hatari kabisa. Uchawi wa kumlemaza adui nao umewekewa alama maalumu, hivyo adui ambaye ngazi yake inazidi maradufu ya daraja la uchawi husogezewa matokeo yake hatua moja nzuri. Ukinzani umo ndani ya kanuni, hauhitaji pete.

Kama hujui bado Liwali atakuwa nani, anza na karatasi ya cheo na usimpe namba hata moja. Namba mpe siku utakapojua watamkabili. Kilichokwisha kuonekana mezani ndicho kinachokufunga: kama wachezaji walimwona akiyeyuka kivulini, kadi iwe na kuyeyuka kivulini.

Na uamue kabla ya kikao kama anaweza kutoroka, kwa njia gani, na akiwa na uhai kiasi gani. Kuhama futi 30 hakumtoi mbele ya wachezaji wanne. Anahitaji mlango, mashua iliyowekwa tayari, au uchawi wa kuondoka kabisa, ambao unaweza kuzimwa. Iandike pembezoni mwa kadi: "Uhai 50, anaelekea mlango wa bahari." Wakimkata njia, afe.